Maziwa ya Mgeni

Habari za kifo zilinikuta kwa kinyozi, kidevu kimejaa povu, Jumanne ya wiki iliyopita. Aliyepiga simu alikuwa karani wa koleji ya sayansi, ile ya chuo kikuu iliyo nje kidogo ya mji wetu wa Isiolo, na alizungumza harakaharaka kama mtu mwenye orodha ndefu ya simu za kupiga. Mhadhiri wao wa mikrobiolojia, yule mchunguzi wa vijidudu visivyoonekana kwa macho, alikuwa amefariki hospitalini alfajiri hiyo kwa ugonjwa wa moyo. Nikasema pole. Nikasema Mungu ailaze roho yake mahali pema. Kabla sijapumua, karani akaongeza kwamba wakuu wa koleji wangependa niwatumie ile safu niliyoandika zamani hapa gazetini kuhusu utafiti wake wa maziwa ya ngamia, ile nzuri, ili ichapishwe kwenye kijitabu cha ibada ya kumkumbuka. Nikamwambia nitaitafuta. Nilimdanganya. Sikuwa na haja ya kuitafuta, kwa sababu naikumbuka karibu neno kwa neno, na ndiyo safu ambayo marehemu aliniomba kwa miaka mitatu niikanushe.

Hakuwa rafiki yangu, na sitajifanya leo kwamba alikuwa. Tulijuana kwa sababu alipanda ngazi siku moja hadi ofisini kwangu, chumba kimoja juu ya duka la mabati na misumari, akaja kunisahihisha. Nilikuwa nimeandika hapa kwamba maziwa yakichemshwa mara moja hayana shida tena siku nzima. Alisalimu, akakataa kiti, akanieleza kwa muda wa saa nzima kwa nini nilichoandika kinaweza kumlaza mtoto hospitalini. Alikuwa mtu wa Nyeri, mwembamba, mpole wa sauti, mwenye kisanduku cha barafu alichokifunga nyuma ya pikipiki yake kuukuu. Alikuja Isiolo kwa mkataba mfupi na wenzake wakampa mwaka mmoja kabla ya kukimbia jua letu. Hakukimbia. Alikuwa pia mtu wa kuchosha, na nasema hivi kwa heshima zote anazostahili marehemu. Ukimwambia "karibu mia moja" atakuuliza ni ngapi hasa. Ukimpigia simu kumpa salamu za Krismasi atakuuliza kama ulisoma kile alichokutumia.

Sasa nifike kwenye maziwa. Kila mkazi wa mji huu anawajua akina mama wetu wa maziwa ya ngamia. Ngamia hukamuliwa huko malishoni kabla jua halijachomoza, maziwa yakaletwa mjini kwa pikipiki ndani ya mitungi ya plastiki, na akina mama wakayapokea, wakayaonja, wakayapakia kwenye mabasi ya Nairobi. Miaka ile wanunuzi wa Nairobi walikuwa wakilalamika kwamba maziwa yanafika yakiwa yameharibika, na kuna siku mtungi mzima ulimwagwa mtaroni. Koleji ikasema sayansi itatoa jibu, na kazi ikawa yake. Alichemsha chupa za kioo maabarani mpaka hakuna kijidudu kingeweza kuishi humo, akazipanga kwenye kile kisanduku, akazunguka kwa akina mama msimu mzima. Kila nyumba alisalimu vizuri, akaketi, akanywa chai, kisha akaomba awekewe maziwa kidogo ndani ya chupa. Matokeo yalikuwa ya ajabu. Maziwa yalikuwa safi kuliko yale ya paketi tunayonunua supamaketi.

Koleji ilifurahi mpaka ikasahau kuuliza maswali. Makala yake ikachapishwa kwenye jarida la nje ya nchi, picha yake ikawekwa kwenye kalenda, na ikaandaliwa siku ya kuwakaribisha wananchi. Mnazijua siku hizo. Mahema meupe, kofia za bure, pilau, bango refu la Kiingereza ambalo nusu ya walioalikwa hawakuweza kulisoma, na mkuu wa kitivo akisema kwamba sayansi imeshuka kwa wananchi. Kila mama wa maziwa akapewa cheti kilichofunikwa plastiki, jina lake likiwa katikati. Nami nilikuwepo, nikala pilau ya watu, nikarudi ofisini na kuandika safu kwamba maziwa yetu yamepimwa na hayana lawama, na kwamba mnunuzi anayeyamwaga anatafuta tu njia ya kushusha bei. Niliandika kwa ukali na nilijipenda sana wiki ile. Watu walinisimamisha njiani kunipa mkono.

Kosa liligunduliwa kwa namna ambayo hakuna profesa angeweza kuipanga. Karibu mwaka baadaye alirudi kwa mmoja wa wale akina mama, mjane mwenye duka dogo karibu na soko, amempeleka mgeni kutoka chuo kingine aone utafiti ulifanyika wapi. Mama akawakaribisha, akaona chombo chake kimeisha maziwa, akamtuma binti yake mbio kwa jirani akaombe. Mhadhiri wetu akashangaa, maana mitungi minne ilikuwa imesimama hapohapo mlangoni, imejaa. Alinisimulia mazungumzo hayo mara nyingi sana kiasi kwamba nayasikia kana kwamba nilikuwepo.

"Mama, kwani haya ya hapa yana nini?"

"Hiyo ni maziwa ya Nairobi, mwalimu."

"Na zile siku nilikuja na chupa, uliniwekea gani?"

Mama akamwangalia kama mtu aliyeulizwa kama jua hutoka asubuhi. "Si ulikuwa mgeni? Ulisalimia, ukakaa, ukakunywa chai. Sasa mgeni napea aje maziwa ya mtungi? Watu watasema nini? Nilikupea ile ya nyumba, ya watoto. Na hiyo chupa yako nayo ilikuwa haina harufu kabisa, haijapigwa moshi. Nikaifukiza kidogo."

Akauliza kwa jirani. Jibu likawa lilelile. Akazunguka nyumba zote alizopita msimu ule. Kila mmoja alikuwa amempa maziwa ya mgeni, yaliyohifadhiwa kwenye chombo kilichofukizwa kwa moshi wa kuni teule kama walivyofundishwa na mama zao, na zaidi ya mmoja alikuwa ameigeuza ile chupa yake safi juu ya makaa wakati yeye akiongea na wazee nje, kwa sababu kwao chombo kisichofukizwa ni chombo kichafu. Hakuna aliyemdanganya. Walimtendea ukarimu mpaka utafiti wake ukafa. Alikuwa amesafiri na shahada zake za chuo kikuu kupima adabu ya watu wa Isiolo, akaiandika kwa jina la maziwa.

Mwingine angenyamaza. Yeye alirudi kwa yule mjane akamweleza shida yake, na huyo ndiye aliyempa mpango. Alimwambia, "Basi usikuje kama mgeni. Simama huko barabarani kwa jua na hao wa pikipiki, usisalimie vizuri, usiingie. Chota na uende." Kwa mtu mpole kama yeye hiyo ilikuwa adhabu. Nilimwona mara moja pale stendi, amekunja uso kwa juhudi ya kukosa adabu, akifungua mitungi bila kusema hujambo, na akina mama wakicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini matokeo ya mara hii hayakuchekesha. Maziwa ya jioni yalikuwa yakichanganywa na ya asubuhi, mitungi ilikuwa na shingo nyembamba ambayo mkono hauingii kusugua wala moshi haukai, na mizigo ilikuwa ikisubiri juani. Wanunuzi wa Nairobi hawakuwa wakitafuta visingizio. Maziwa yalikuwa yakiharibika kweli, na sisi, mimi na koleji, tulikuwa tumewaambia akina mama kwamba hayaharibiki.

Hapa ndipo nataka msomaji asipite haraka. Yule mjane, kwa sababu ya cheti na kwa sababu ya safu yangu, alikuwa amegombana na mnunuzi wake wa miaka mingi. Mnunuzi alimwambia maziwa yamechacha, yeye akamjibu kwamba chuo kikuu kimesema hayana kitu, na gazeti limesema pia. Mnunuzi akahamia kwa watu wa mji mwingine. Msimu wote uliofuata mama yule alikuwa akiuza rejareja kwa vikombe hapo mlangoni, na mabinti zake wawili wakarudishwa nyumbani kutoka shule ya bweni. Mhadhiri alipomwendea na habari mpya, mama hakumpokea kwa chai. Alimfukuza. Wiki ya pili akamwita mwenyewe, akamwambia amuonyeshe ni wapi maziwa yanaharibikia. Leo anatumia mikebe ya aluminiamu yenye mdomo mpana, anaifukiza yote kwa mkono wake, na hapokei maziwa yaliyolala. Wapo wengine waliomfuata. Hiyo ndiyo kazi ya maana aliyoifanya mtu huyu katika mji wetu, na haimo kwenye kijitabu cha ibada.

Haimo kwa sababu koleji haikutaka. Alimwandikia mkuu wa kitivo akiomba makala ile iondolewe kwenye jarida na vyeti virudishwe. Akaitwa ofisini. Alinieleza kwamba alipewa soda, kisha akaambiwa kwa upole, "Daktari, hii makala imetusaidia. Iko kwenye ripoti, iko kwenye tovuti. Wewe andika ingine mpya, lakini hii iache ilale." Akaandika barua ya pili, ya tatu, na sijui ya ngapi. Alipoomba kupandishwa cheo akashauriwa kwamba mtu anayeng'ang'ana kupunguza machapisho yake mwenyewe labda hajaelewa vyeo hupandwaje. Nikisikia hivyo hata sasa nataka kupiga meza. Tunajenga maabara, tunanunua darubini, tunawavika vijana makoti meupe, kisha mtu mmoja anaposimama na kusema nilikosea, tunamtazama kama aliyevua nguo sokoni. Alipokosa majibu alipanda pikipiki yake akaanza kukusanya vile vyeti mwenyewe, duka kwa duka, akieleza upya kila mahali. Akina mama wengine walikataa kata kata. Walisema jina lililoandikwa pale ni lao, si lake.

Darasani alifanya jambo ambalo nalipenda kuliko yote. Kila kundi jipya la wanafunzi aliligawia ile makala yake, siku ya kwanza, bila kusema ni ya nani, akawaambia watafute kosa. Nilialikwa kuona mara moja. Vijana waliotoka Nairobi na Nakuru na shule zenye maabara za maana waliinamisha vichwa, wakachunguza majedwali, wakakagua hesabu, wakabishana juu ya joto la maabara. Saa ilikuwa inakaribia kwisha. Nyuma kabisa kulikuwa na msichana wa Biliqo na mwenzake wa Korbesa, mabinti wa wafugaji kutoka upande wa Merti, ambao tangu ukurasa wa pili walikuwa wakizibana vinywa wasicheke. Akawauliza kuna nini. Wa Biliqo akasimama. "Mwalimu, huyu mtu alipewa maziwa ya mgeni. Kwani hakuna mtu alimwambia?" Darasa likaangua kicheko. Yeye akaenda ubaoni, akaandika jina lake mwenyewe, na kuwaambia kwamba wataalamu walioipitia makala hiyo kabla haijachapwa hawakuona kile ambacho mwenzao ameona akiwa amekaa. Nilitoka pale nimefurahi, na pia nimeona haya, kwa sababu nilijua ananiangalia.

Maana alikuwa ameniomba. Aliniomba mara ya kwanza wiki ileile alipogundua kosa. "Wewe ulisoma makala yangu ukaamini, hilo si kosa lako," aliniambia. "Lakini watu hawasomi jarida la nje. Wanakusoma wewe. Ukisema, watasikia." Nikamwambia wiki ijayo. Wiki ijayo kukawa na ukame, nikaandika juu ya ukame. Kisha kukawa na kampeni za uchaguzi. Kisha nikajiambia nitawaharibia akina mama biashara, sababu iliyosikika ya huruma mpaka nikaiamini mwenyewe. Ukweli ni kwamba mwandishi wa safu hula kwa kuonekana anajua. Nilikuwa nimewaita wanunuzi wa Nairobi wezi, kwa jina langu na picha yangu juu, na sikutaka kuwaambia wale walionipa mkono njiani kwamba sikustahili mkono ule. Alipanda zile ngazi mara nyingi. Miezi ya mwisho akaacha kuuliza. Tulikutana Ngaremara kando ya barabara kuu, akinunua makaa, tukaongea juu ya mvua, naye hakuitaja safu kabisa. Nilishukuru moyoni. Sasa nikikumbuka kwamba nilishukuru, najichukia.

Ibada ilifanyika Ijumaa asubuhi katika ukumbi wa koleji, kabla ya mwili kupelekwa kwao Nyeri. Mkuu wa kitivo alisoma wasifu. Alifika kwenye makala ya maziwa akaondoa miwani, akasema huo ndio urithi mkubwa wa marehemu kwa jamii ya Isiolo, na kwamba sayansi haijawahi kushuka kwa wananchi kama ilivyoshuka siku ile. Watu wakapiga makofi. Akina mama wa maziwa walikuwa wamekuja, wamekaa safu ya mwisho na mabuibui yao, na mshereheshaji akaomba mmoja wao, kama mnufaika, aseme neno fupi. Yule mjane akaenda mbele polepole.

"Salaam aleikum," alisema. "Mimi huyu mwalimu namjua. Hiyo maziwa mnasema, ilikuwa ya mgeni. Alikosea, na alikuja kwangu akaniambia yeye amekosea. Nikamfukuza, akarudi. Mimi sijawahi kuona mtu amesoma anarudi kuniambia hivyo. Hiyo ndiyo nataka muandike, si ile ingine." Akarudi kukaa. Mshereheshaji akashukuru haraka na kuitisha kwaya.

Baada ya ibada nilimfuata dukani kwake. Sijui nilitaka nini, labda nilitaka aniambie kwamba nami sina hatia. Ukutani, mahali cheti kilipokuwa, palibaki mraba wa rangi isiyofifia. Kando yake, imegandishwa kwa gundi, imekuwa ya kahawia kwa moshi, ilikuwa safu yangu. Nikamuuliza kwa nini hii ipo na cheti hakipo.

"Cheti alitoa mwenyewe," alisema. "Na hii akataka kutoa pia, nikamwambia toa. Akashika hivi, akaacha. Akasema hapana mama, hii si yangu. Mwenyewe atakuja kuitoa. Tukangoja."

Hakusema kwa kunisuta. Alikuwa akifukiza mkebe, na aliendelea kufukiza. Nikaingiza ukucha chini ya pembe ya karatasi nikavuta, ikatoka vipandevipande pamoja na rangi ya ukuta, na ilinichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kwa sababu gundi ilikuwa ya zamani. Hakunipa maziwa. Nilielewa.

Basi msomaji, funzo nililolipata sikulipata bure, na limechelewa. Tunasifu elimu kwa sababu inajua, tunajenga koleji tukitarajia zitupe majibu, na mtu anayerudi mlangoni kusema jibu langu la jana lilikuwa baya tunamwona ameshindwa, wakati yeye ndiye pekee aliyefanya kazi tuliyomlipia. Kurudi ndiko kugumu. Chupa anaweza kuzichemsha yeyote. Wakuu wa koleji wakitaka kumheshimu, makala ile iondolewe, na iandikwe ni nani aliyeomba iondolewe na kwa muda gani alipuuzwa. Hilo liko mikononi mwao. Lililo mikononi mwangu ni hili, na nalisema kwa maneno ambayo alinitaka niyatumie. Niliandika hapa kwamba maziwa ya mitungini yalipimwa yakaonekana hayana lawama. Si kweli. Yaliyopimwa ni yale aliyopewa mgeni. Wanunuzi niliowaita wezi walikuwa wakisema ukweli, na mama mmoja alipoteza biashara yake kwa kuniamini. Nilikosea, na nililijua hilo miaka mitatu kabla ya kuliandika.